Mashimo Hufukiwa na Nani?

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili kaskazini mwa Mombasa. Kiswahili, Kidato cha Pili, kipindi cha saa nane mchana. Waliokwisha kupita TP wanakijua kipindi hicho: jua limechoma mabati tangu asubuhi, nusu ya darasa inasinzia na nusu nyingine inahesabu dakika. Mada ilikuwa kauli ya kutendwa. Nilikuwa nimechoshwa na zile sentensi za vitabuni za embe kuliwa na Juma, nikaona heri nitunge zangu kutokana na mazingira ya wanafunzi wenyewe. Shule imepakana na timbo la mawe, vumbi lake linaingia mpaka darasani. Basi nikaandika ubaoni: "Mawe yanapokwisha, mashimo hufukiwa na miti hupandwa." Nikawaambia waigeuze iwe katika kauli ya kutenda.

Kimya. Halafu mvulana mmoja aliyekaa nyuma karibu na dirisha akainua mkono. "Mwalimu, hii haigeuki. Mtenda hayupo."

Alikuwa sahihi kabisa. Huwezi kuitoa sentensi kwenye kutendwa ukaipeleka kwenye kutenda kama hujui aliyetenda ni nani. Lakini msimamizi wangu kutoka chuoni alikuwa ameketi pale pembeni na karatasi yake ya alama, nami sikutaka kuonekana nimekwama. Nikamwambia, "Andika wahusika." Akaandika: "Mawe yanapokwisha, wahusika hufukia mashimo na hupanda miti." Nikampa alama mbili kati ya mbili.

Baadaye mwalimu wa darasa aliniambia kwamba kijana yule kila Jumamosi hupakia mawe kwenye lori katika timbo lile lile. Alijua fika ninachokiandika si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, na mimi ndiye niliyeshika chaki.

Tangu siku hiyo neno "wahusika" linanikera. Katika fasihi tunawafunza watoto kumchambua mhusika: jina lake, sifa zake, umuhimu wake katika hadithi. Mwanafunzi akisema mhusika mkuu ni "wahusika" tunampa sufuri. Lakini tukifika kwenye mazingira, ripoti nzima inaweza kuandikwa na kutiwa muhuri bila ya kuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Ardhi itarejeshwa. Hatua zitachukuliwa. Jamii itashirikishwa. Na nani? Na wahusika.

Kwa makomredi wasiotoka Pwani: timbo ni shimo la kuchimbia mawe. Ukanda wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mabaki ya miamba iliyoota chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mwamba huo ndio uliojenga Gede. Ndio uliojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Watamu kuna mtaa mzima unaoitwa Timboni, kwa hivyo neno si geni wala kazi yenyewe si ngeni, na mimi sisemi ikomeshwe. Chumba ninachoandikia haya kimejengwa kwa mawe hayo hayo.

Kazi huanza kwa kufyeka kichaka. Kisha unaondolewa udongo wa juu, ambao kwenye mwamba wa matumbawe ni mwembamba kweli, mahali pengine haufiki hata goti. Hapo ndipo dhambi ya kwanza inapofanyika, na inafanyika asubuhi ya siku ya kwanza kabla ya jiwe hata moja kutoka. Udongo ule ndio wenye mbegu, mizizi, kuvu na wadudu. Ndio shamba lenyewe. Ungekusanywa ukawekwa kando, ungekuja kurudishwa. Badala yake unasukumwa kokote, unafunikwa na kifusi, au anapatikana mtu wa kuununua kwa ajili ya bustani yake. Baada ya hapo mwamba unakatwa kwa sururu na shoka, au kwa mashine ya msumeno, jiwe baada ya jiwe. Wanaume hukata, vijana hupakia, na akina mama hukaa chini ya kivuli cha turubai wakigonga vipande kwa nyundo viwe kokoto. Mwenye shamba hulipwa kwa hesabu ya malori.

Siku mwamba mzuri unapokwisha, au maji yanapoanza kutoka chini, kazi inahamia shamba la jirani. Kinachobaki ni shimo lenye kuta wima, na sakafu nyeupe inayorudisha jua usoni kama kioo. Masika yakija hujaa maji. Watoto huenda kuogelea, na siku nyingine anarudi mmoja pungufu. Hili si la Pwani peke yake, waulizeni wenzetu wanaosoma Juja wawasimulie kuhusu mashimo ya huko. Lisipojaa maji basi hujaa taka, na mwamba wa matumbawe una matundu kama sifongo: kinachomwagwa timboni leo kinashuka chini kwenye maji yale yale yanayolisha visima.

Ukilisema jambo hili mbele ya watu wenye mamlaka, jibu utakalopata ni moja. "Si uende Haller Park ukaone?"

Basi twende. Mimi nimekwenda tangu shule ya msingi, na wengi wenu pia, kwenye basi la shule na chapati kwenye mfuko wa plastiki. Twiga, mamba, samaki. Kila mtu anamkumbuka Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akapelekwa pale, akamfanya kobe mzee kuwa mama yake. Hadithi tamu. Ila hadithi inayotufaa hapa ni ile iliyotangulia, na hiyo haielezwi sana kwenye ziara za shule.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba matumbawe karibu na pwani kwa ajili ya saruji. Mwaka 1959 kikamwajiri Mswisi mmoja mtaalamu wa kilimo, René Haller. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kujaribu kupanda miti kwenye sakafu ya machimbo yaliyoachwa. Hapakuwa na udongo. Hapakuwa na kivuli. Maji ya chini yalikuwa na chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, na zilizodumu zilikuwa tatu tu: mnazi, mti mmoja wa asili ya Somalia uitwao damas, na mvinje.

Mvinje tunaujua, ule wa ufukweni wenye majani kama sindano, unaoimba upepo ukivuma. Hauogopi chumvi, na mizizini mwake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha. Kwa hiyo ukaota juu ya mwamba mtupu. Lakini hapo pakazuka shida nyingine: sindano zake zikidondoka hazikuoza. Zilirundikana tu, kavu, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akaona jongoo mwenye miguu myekundu anazila zile sindano. Akaleta majongoo kwa mamia. Wao wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo wa msitu ule. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi jongoo hakutupwa, na ndiyo sababu leo kuna miti.

Naipenda hadithi hii. Nitaifundisha. Ila angalieni ilichohitaji. Ilihitaji mtu mmoja mwenye jina, mwenye mshahara, aliyekaa pale pale miaka na miaka akihesabu miti iliyokufa. Ilihitaji kampuni ambayo ardhi ni yake na ambayo haikuwa na mpango wa kuhama wiki ijayo. Ilihitaji kuruhusiwa kushindwa mara 23 kati ya 26. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulimtunuku Haller mwaka 1987. Hakutunukiwa kwa jambo ambalo hutokea lenyewe. Na baada ya yote hayo, kilichopatikana ni bustani yenye lango na tiketi. Ni nzuri, nakubali, ila si shamba la mihogo. Mwenye nusu ekari iliyochimbwa huko kijijini hawezi kuweka lango na twiga.

Kwa hiyo anayenielekeza Haller Park ananipa ushahidi upande wangu bila kujua. Pale sentensi inageuka. Mtenda yupo.

Nigeukie Kwale kidogo, maana kuna somo tofauti. Base Titanium walichimba mchanga wenye madini ya titaniamu kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa kupisha mgodi, na mjadala wa ardhi hiyo itumikeje sasa umekuwa mkali. Siuingilii hapa. Ninalotaka mlione ni la kiufundi. Kule madini yenyewe ni sehemu ndogo ya mchanga unaochimbwa. Ukishayachuja, mchanga mwingi unabaki, na unaweza kurudishwa kuziba ulikotoka. Timboni mambo ni kinyume. Tunachouza ndicho hicho kilichokuwa kimelijaza shimo. Mawe yamekwenda Mtwapa, yamekwenda Nyali, yamekuwa kuta za watu. Utalifukia kwa nini?

Kumbe sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa na uongo mara mbili. Mtenda hakuwepo, na kitenzi chenyewe hakikuwa sahihi. Mashimo ya mawe hayafukiwi. Hata Bamburi hawakufukia. Kinachowezekana ni kazi nyingine: kuzibomoa zile kuta wima ziwe miteremko ili mtoto au mbuzi akianguka aweze kupanda, kutandaza kifusi, kurudisha juu yake ule udongo uliowekwa kando siku ya kwanza, kisha kupanda kitu kinachoweza kuishi pale. Na udongo haungojei milele. Ukirundikwa kwa miaka mingi uhai wake unakufa, unabaki jina tu. Maana yake ni kwamba kurejesha ardhi si jambo la mwisho wa kazi, la kufikiriwa mawe yakiisha. Linaamuliwa siku ya kufyeka, na asiyelipanga siku hiyo ameshaamua kutolifanya.

Sheria yetu inalijua hili. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka anayeomba leseni ya kuchimba aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kulinda mazingira. Wazo lenyewe ni la kawaida sana, kila mpangaji analielewa: unaweka amana kwa mwenye nyumba, ukihama ukaacha ukuta umetoboka, amana hairudi. Kwa mgodi mkubwa wenye ofisi, mawakili na wanahisa, jambo hili linafuatika. Kuna mtu wa kumwandikia barua.

Timboni humwandikii mtu. Mwenye shamba atasema yeye alikodisha tu. Aliyekodisha atasema yeye hukata mawe, si mwenye ardhi. Mwenye lori hununua na kuondoka. Mkandarasi hakanyagi timboni kabisa, huagiza kwa simu. Kaunti hutoza ushuru wa kila lori la mawe linalopita, risiti hutolewa, na hapo ndipo uhusiano wake na shimo unapoishia. Kila mmoja amechukua kipande cha mwamba na hakuna aliyechukua kipande cha shimo. Halafu kuna sisi tunaolala ndani ya hayo mawe, tukiandika insha za mazingira.

Rafiki yangu mmoja wa kitivo chetu alisoma rasimu ya makala hii akanuna. Mama yake amegonga kokoto kwa miaka kumi na moja. Karo ya sekondari ilitoka pale, na hata zile elfu chache za kuanzia hapa chuoni zilitoka pale. "Wee andika tu," aliniambia. "Timbo likifungwa, mama atakula makala?"

Swali hilo si la kulirukia. Watu wengi wanaozungumza kuhusu mazingira hawajawahi kumjibu mtu kama mama yake, na ndiyo sababu hawasikilizwi. Nilimjibu hivi: timbo litafungwa hata mimi nisipoandika kitu. Mwamba unakwisha. Siku ukiisha, mama atabaki bila timbo na bila shamba, na hiyo ndiyo hali ninayoiogopa. Kubomoa kuta ziwe miteremko ni kazi ya sururu, kazi ya mikono ile ile inayokata mawe leo. Kulea vitalu vya miche ni kazi ambayo mama yeyote aliyechoshwa na nyundo angeipenda. Na mvinje si pambo. Wakulima wa Kilifi na Kwale wanaupanda kwa ajili ya nguzo za kujengea, na wateja wapo. Ila kazi hiyo lazima ilipwe, na pesa ya kuilipa ipo wakati mmoja tu, wakati mawe yanauzwa. Baada ya hapo unamwomba maskini arekebishe shimo ambalo tajiri amekwisha kula.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia, kama unaandika basi ongeza na hili. Lile shamba lilikuwa la babu yake. Lilikuwa na minazi na mikorosho. Babu alikubali lichimbwe kwa sababu alihitaji pesa za hospitali, na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akiliuza moja kwa moja. Yeye alidhani amelikodisha.

Nimeongeza.

Sasa, hapa kwetu. Mnaona bweni linalojengwa nyuma ya uwanja wa mpira. Mawe yake ni ya matumbawe, kila asubuhi malori yanatuamsha. Niliuliza ofisi mbili mawe yanatoka wapi. Ya kwanza ilinipeleka ya pili, ya pili ikaniambia hayo ni mambo ya mkandarasi. Yaani taasisi inayotoa shahada za mazingira na shahada za ualimu haijui jiwe lake limeacha shimo la ukubwa gani, na karibu na shule gani.

Ombi langu ni dogo, na linawezekana bila ya kumngoja waziri wala gavana. Kila chuo kinapotangaza zabuni ya ujenzi huweka masharti: cheti cha kodi, uzoefu, vifaa. Yaongezwe mengine. Mkandarasi ataje timbo anakonunua mawe. Aonyeshe kwamba timbo hilo lina kibali na lilifanyiwa tathmini ya mazingira, kama sheria inavyotaka. Aonyeshe udongo wa juu umewekwa wapi, na nani, kwa jina na simu, atakayeirekebisha sehemu iliyokwisha kuchimbwa. Asipoweza, tununue kwa mwingine. Watu wa fedha watasema bei itapanda. Itapanda, ndiyo. Kwa sasa bei ni ndogo kwa sababu kuna babu wa mtu anayelipa tofauti.

Na wenzangu wa sayansi, badala ya ile siku yetu ya kupanda miti ambapo kila mtu hupata fulana na mche hupata picha, chukueni timbo moja lililoachwa karibu na hapa mlifanye kuwa maabara. Jaribuni miti 26 ife 23. Sisi wa ualimu tutaleta wanafunzi wa shule za jirani waone ile mitatu iliyobaki, na waone pia iliyokufa.

Hoja ya masharti ya zabuni nimeiandika katika ukurasa mmoja na kuipeleka kwa katibu mkuu wa chama ili iingie kwenye ajenda ya mkutano ujao. Sentensi zake zote nimeziandika katika kauli ya kutenda, nilizikagua mara mbili. Karatasi ya sahihi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya maktaba, upande wa kulia, chini ya tangazo la vyumba vya kupanga. Kalamu nimeifunga kwa uzi. Tafadhali isiondoke nayo mtu.